Mtihani wa Nzi

Asubuhi hiyo nilikuwa nagombania kopo la maziwa ya unga na mama yangu mzazi. Yeye kalishika chini, mimi juu, na ndoo ya taka iko katikati yetu, mdomo wazi.

"Achia, mwanangu."

"Mama, nimelinunua juzi tu hili."

"Limetoka wapi? Si wewe ndiye polisi? Soma."

Nikasoma. Lilikuwa limetoka mbali sana.

"Haya basi," akasema, na kopo likaenda na maji.

Ndani ya ndoo tayari kulikuwa na mchele, nyanya za kopo na tufaha moja ambalo mama alilikwangua kwa kisu ili anionyeshe nta. Tangu mafundi wa kiwanda cha nguo waugue, mtaa mzima ulikuwa unatupa hivyo hivyo kila kilichotoka nje. Nilimuuliza mama kama chumvi anajua ilikotoka. Akaigeukia chupa ya chumvi kama mtu aliyegundua mgeni chini ya kitanda.

Simu yangu ikaita. Mkuu wa kituo.

"Majibu ya maabara yamekuja," akasema. "Hakuna dawa ya maiti. Hakuna sumu ya panya wala ya wadudu. Samaki tuliowachukua kwenye friza ni wasafi kuliko mimi."

"Basi tumwachie Mama Barafu."

"Aende wapi? Watu wako getini tangu alfajiri. Nikiwaambia hakuna kitu, watasema nimehongwa. Niletee jibu wanaloweza kulimeza, afande. Kabla ya jioni. Ukikosa, kesho asubuhi nampeleka mahakamani, hakimu ajue mwenyewe."

Mama Barafu ni mjane. Ana duka dogo nyuma ya soko, lina friza na mizani, anauza samaki wa kugandishwa wanaotoka nje. Juzi mchana mafundi wa kiwanda cha nguo walikula samaki aina ya vibua kwenye kantini yao. Kabla hawajarudi kwenye vyerehani, nyuso zilikuwa zimewaiva kama nyanya, wanatapika, wanajikuna, wanashika vichwa. Gari la wagonjwa halijafika, tayari kuna mtu kapaza sauti kwamba ni samaki wa nje, wale wanaolazwa kwenye dawa ya chumba cha maiti. Kufika jioni mlango wa Mama Barafu ulikuwa chini. Tulimtoa kwa mlango wa nyuma akiwa bado kavaa aproni.

Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua. Mpishi wa kantini aliandikisha maelezo siku ile ile kwamba hakununua samaki wa nje. Alisema alinunua wa hapa hapa, kwa muuzaji wa kona. Hakuna aliyemsikiliza. Na Mama Barafu, ambaye maneno hayo yangemtoa, hakuyataja hata mara moja.

Nilimkuta mahabusu kakaa kwenye benchi, aproni kaikunja mapajani vizuri kama anataka kuirudisha dukani. Maua ya njano, mfuko mkubwa upande wa kushoto.

"Umeme umerudi kwangu?" akaniuliza kabla sijasalimia.

"Shikamoo, mama. Walikata waya."

"Marahaba. Basi wameshayeyuka." Alisema kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba. "Waambie wawafukie, wamwagie chokaa juu. Mtu asije akaokota akapeleka nyumbani. Samaki akishayeyuka akakaa, huyo si chakula tena."

"Mama, siku moja kabla mafundi hawajaugua, nani alinunua vibua kwako?"

"Sikumbuki."

"Hata mmoja?"

"Umri, mwanangu. Nasahau."

Nilitazama nje. Muda mfupi kabla sijaingia nilimsikia akimuuliza askari wa zamu kama goti la mama yake limepona, na kama wale vibua wa mwezi uliopita hatimaye aliwakaanga au aliwachemsha. Huyo ndiye aliyesahau.

"Kantini inasema samaki wao hawakutoka kwako," nikamwambia. "Sema tu hivyo. Sema hukuwauzia. Nikuandikie, utie sahihi, twende."

Akalainisha aproni kwa kiganja. Hakusema hivyo. Hakusema pia kinyume chake.

"Wagonjwa wanaendeleaje?"

"Wengi wametoka. Aliyezidiwa ni yule binti anayeshona vifungo. Ana pumu."

Akafumba macho. Alipoyafumbua aliuliza, "Na mpishi? Anakula?"

Nikamjibu sijui. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo swali lenyewe likanigonga. Kila mtu mjini alikuwa anauliza mpishi alitia nini kwenye sufuria. Huyu peke yake anauliza kama amekula.

*

Hospitalini daktari alinipokea huku anatafuna biskuti.

"Ya hapa hapa," akasema haraka. "Usinitazame hivyo."

"Sijasema kitu, daktari."

"Siku hizi watu wanasema kwa macho." Akapangusa mikono. "Wagonjwa wote waliniambia kitu kimoja: ulimi unawaka kama pilipili. Na mpishi aliapa kwamba hakutia pilipili."

"Sumu gani inaunguza hivyo?"

"Jua," akasema. "Kuna samaki, na vibua wamo, ukimwacha kwenye joto mwili wake unatengeneza kitu ambacho moto haukiondoi. Mkaange, mchemshe, kipo tu. Na anaweza asinuke. Mtu anakula, uso unawaka, kichwa kinapasuka, kesho anaomba chai. Ila mwenye pumu..."

Kwenye kioo cha mlango ulioko nyuma yake nilimwona binti wa vifungo. Kitanda kilikuwa kikubwa, yeye mdogo, na barakoa ya oksijeni imemfunika nusu ya uso.

"Ataamka?"

"Leo au kesho. Natumaini leo."

"Na huyo samaki wa jua, lazima awe wa nje?"

"Kibua ni kibua. Jua haliombi pasipoti."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Nilitoka mpaka getini, afande. Nilieleza kama mwalimu, na mikono. Nikamaliza, mama mmoja akaniuliza nimelipwa na nani."

Fundi Mkuu wa kiwanda nilimkuta kitandani, keshavaa suruali yake, anangoja karatasi ya kuruhusiwa. Gauni la hospitali lilikuwa mikononi mwake, analigeuza ndani nje.

"Dada afande, hebu ona huu mshono," akasema. "Huyu mtu alipewa cherehani akadhani ni baiskeli."

"Pole kwa kuugua, Fundi. Siku ile mlikula samaki gani?"

"Wa hapa. Sisi pale wa nje hatugusi. Wiki nzima tulikuwa tunakula maharage, mpaka tukamwambia mpishi: kesho iwe samaki, na awe wa hapa, ama tunahamia kantini ya ng'ambo ya barabara. Sote. Hakuna atakayebaki."

"Mlijuaje ni wa hapa?"

"Si tuliwapima."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa nzi." Aliona sijaelewa, akashusha sauti kama anamfundisha mwanafunzi wa kwanza kushika sindano. "Samaki mwenye dawa ya maiti nzi hatui. Kila mtu anajua. Kwa hiyo mpishi akileta samaki anawaweka kwenye sinia pale dirishani, wazi, sisi tuko kwenye vyerehani tunaona. Nzi wakitua tunagonga meza, yeye anaanza kupika."

"Na juzi walitua?"

"Walikawia! Tuliingia kazini asubuhi, sinia liko pale, nzi anapita, anazunguka, anaenda zake. Watu wakaanza kunung'unika. Mpishi jasho linamtoka. Jua likapanda, likaingia dirishani, karibu na chakula cha mchana ndipo akatua mmoja. Halafu wa pili. Halafu, dada yangu, sinia likawa jeusi! Tulipiga makofi."

"Mliwapigia nzi makofi."

"Si usalama umethibitika?"

Nikaandika "nzi" kwenye daftari ili nisiseme neno baya kwa mgonjwa. Yeye akaendelea mwenyewe, kwa huzuni ya kweli.

"Kilichoniuma ni kichwa. Kichwa cha samaki ni changu siku zote, mimi ndiye mkuu pale. Siku ile sahani yangu imekuja na mkia. Namuuliza, ananiambia vichwa amewapa paka. Paka! Miaka yote hii sijaona paka pale."

"Alinunua kwa nani?"

"Kwa Spika. Si ndiye peke yake anauza wa hapa?"

*

Spika anauza samaki kwenye kona ya soko. Wamempa jina hilo kwa sababu akinadi bidhaa yake hahitaji kipaza sauti. Na ndiye, mashahidi watatu waliniambia, aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele kuhusu dawa ya maiti.

Njiani nilikuwa nimeshaipanga kesi kichwani, na ilikaa vizuri kabisa. Spika kamuuzia mpishi samaki waliolala. Watu wameugua. Spika, kabla hajaulizwa, kanyoosha kidole kwa jirani. Nilikuwa hata nimeshaanza kutafuta pingu kwenye mkoba.

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama: "Mwanangu, nimesikia hata kunguru waliodonoa hao samaki wamekufa wote. Usipite huko." Nikainua kichwa. Juu ya paa la soko kunguru walikuwa wamejipanga, wanene, wanagombania kitu.

Meza ya Spika ilikuwa kavu. Kisu kimelala, mizani imefunikwa na gazeti.

"Nilipaza sauti, hilo sikatai," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mdomo ni wangu."

"Mpishi wa kantini anasema samaki alinunua kwako."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Spika aliongea kwa sauti ya kawaida.

"Kwangu? Lini?"

"Juzi asubuhi. Au jioni ya kabla."

"Afande, tazama meza." Akaigonga, ikatoa mlio wa ubao mtupu. "Mashine ya boti ya wavuvi wangu imekufa. Wiki hii sijauza hata magamba. Muulize huyo wa vitunguu, muulize wa mkaa. Nakuja hapa kukaa tu, nyumbani mke wangu asinione."

Mama wa vitunguu aliyekuwa meza ya pili hakungoja kuulizwa. "Kweli, afande. Wiki nzima kelele tu, samaki hakuna."

Kesi yangu nzuri ikaanguka pale pale.

"Kwa nini ulipiga kelele, basi, kama hukujua walikula samaki gani?"

Akaanza kuchuna gazeti la mizani vipande vidogo vidogo. "Mimi meza tupu. Mama Barafu friza zimejaa. Nikasikia watu wameugua kwa samaki. Sikufikiri mara mbili, nilisema kile ambacho kila mtu alikuwa anakisema." Akaacha kuchuna. "Kwa hiyo maabara haikukuta kitu?"

"Haikukuta."

"Sasa ule mlango wake tumeuvunja kwa..." Akauuma mdomo, lakini ulikuwa umeshasema.

"Tumeuvunja?"

"Marehemu mume wake ndiye aliyenifundisha kupara samaki," akasema polepole, na hiyo ndiyo sauti ya chini kabisa niliyowahi kuisikia kwake. "Meza hii ilikuwa yake."

"Mlango tutauzungumza siku nyingine," nikamwambia. "Anza kutafuta mbao."

Nikaondoka na swali moja tu. Kama si kwa Spika, vibua wa kantini walitoka wapi, katika mji ambao wiki nzima haukuwa na samaki ila kwenye friza za Mama Barafu?

*

Fundi Mkuu alikuwa ameruhusiwa. Alinifungulia kantini kwa ufunguo wa kiwanda, mkono mmoja tumboni.

"Mpishi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Hajaonekana tangu jana. Alikuja hospitali, akasimama pale kwenye kioo, akamwangalia binti wa vifungo. Nikamwita. Akaniangalia kama hanijui, akaondoka. Simu hapokei."

Jiko lilikuwa dogo, na safi kiasi cha kunitia aibu. Sukari kwenye chupa ya mfuniko wa kuzungusha. Pipa la maji lina mfuniko, na juu ya mfuniko kitambaa, na juu ya kitambaa jiwe. Chumvi imefunikwa. Mafuta yamefunikwa. Sabuni yenyewe imefunikwa. Ukutani yamening'inia makawa matatu ya kufunikia chakula, yameoshwa, yananukia ndimu.

"Huyu mwanamke anaogopa nzi," nikasema.

"Nzi akiingia humu anamfukuza mpaka barabarani," Fundi akasema. "Tunamcheka."

"Lakini samaki aliwaacha wazi dirishani."

Fundi akageuka kulitazama dirisha.

Sinia lilikuwa bado pale kwenye kizingiti cha dirisha, limesuguliwa, linang'aa. Nikaweka kiganja juu yake, nikakitoa haraka. Mchana ule jua lilikuwa linaingia moja kwa moja. Kutoka pale niliiona safu nzima ya vyerehani ng'ambo ya ua, na kila kiti kinatazama dirisha hili. Nikamwona mpishi kichwani mwangu, kasimama hapa na kawa mkononi, watu wote wanamwangalia, anangoja nzi.

"Ulisema walikawia," nikamwambia Fundi. "Unajua kwa nini?"

"Labda hawakuwa na njaa."

"Nzi hapendi barafu, Fundi. Walikawia mpaka barafu ilipoisha."

Nikapiga magoti mbele ya meko, nikachukua koleo, nikachokonoa majivu. Vilikuwa chini kabisa, vyeusi, vinavunjika vikiguswa: taya, mifupa ya mashavu, meno madogo kama ya sindano.

Fundi akainama. "Hivyo ni vichwa vyangu."

"Paka wenu anakulia ndani ya moto?"

"Kwa nini achome kichwa kizima cha samaki? Si afadhali angenipa mimi!"

"Kwa sababu wewe ungekitazama. Samaki aliyelala kwenye friza macho yake yanakuwa meupe, kama ya mtu mwenye mtoto wa jicho. Ungekiona kwenye sahani, ungejua."

Akakaa kwenye kigoda cha mpishi, taratibu, kama kigoda kingeweza kumkataa.

"Kwa hiyo nilikula wa nje."

"Ulikula wa nje. Na kama angetoka kwenye barafu akaingia kwenye sufuria, sasa hivi ungekuwa kwenye cherehani yako unapiga kelele. Daktari anasema ni jua. Mpishi aliwaweka juani kwa ajili yenu. Mlitaka kuwaona nzi."

Fundi Mkuu akaitazama mikono yake. "Yule mtoto wa vifungo," akasema, "ndiye aliyeanza kupiga makofi."

Nilifunga mlango ili nitazame nyuma yake, maana hapo ndipo watu huning'iniza vitu. Palikuwa na aproni. Maua ya njano, mfuko mkubwa upande wa kushoto.

"Hii nani kashona?"

"Mimi. Nilishona mbili, kitambaa kimoja. Mpishi anatumia mkono wa kushoto, ndiyo maana mfuko uko huko. Ya pili alisema ni ya dada yake, naye ni wa kushoto vile vile."

"Dada yake umewahi kumwona?"

"Hajamleta hata siku moja. Tunamuuliza, anageuza maneno. Tukajua labda wamegombana."

Nikaikunja ile aproni, nikaitia kwenye mkoba.

*

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hadithi nzuri," akasema. "Naiamini. Sasa nani atasimama pale getini aiseme? Wewe? Watasema umehongwa. Daktari wameshamsema. Namtaka huyo mpishi, aseme kwa mdomo wake alinunua wapi na alifanya nini. Hao mafundi ni watu wake, amewalisha, watamsikia. Bila yeye, kesho mama anakwenda mahakamani."

Nikaenda mahabusu. Sikusema kitu. Niliiweka aproni ya pili kwenye benchi, kando ya ile ya kwanza.

Mama Barafu akaichukua, akaikunjua, akaikunja upya, maana mimi nilikuwa nimeikunja vibaya.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Hatujui. Ni mdogo wako?"

"Wa mwisho. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni." Akavuta pumzi. "Alikuja kwa mlango wa nyuma, jioni. Siku zote anakuja kwa mlango wa nyuma. Mafundi wake wakijua dada yake anauza samaki wa friza, hawali hata chai yake. Akaniambia, dada, kesho wananihama. Nikampa. Nikamwambia, usiwatoe kwenye barafu mpaka mafuta yachemke. Akasema, nisipowaonyesha kwanza hawatakula. Nikamwambia, basi waonyeshe upesi."

"Na nzi wakakawia."

"Kumbe walikawia." Alitikisa kichwa. "Masikini. Na anavyowachukia."

"Ulijua tangu siku ya kwanza."

"Niliposikia ulimi unawawaka kama pilipili, nilijua. Mume wangu iliwahi kumpata."

"Kwa nini hukusema, mama? Wamekuvunjia duka."

"Wameshalivunja. Ningesema ningelijenga? Yeye ana watoto watatu na lile jiko tu. Nilijisemea, waseme mimi, mimi wameshazoea kunisema. Wakimgeukia yeye, sote tuko chini, nani atamwinua mwenzake?" Akanitazama moja kwa moja. "Mwache, mwanangu. Kesho nitakwenda kwa hakimu. Hakimu naye anakula samaki."

Nilikuwa natafuta jibu wakati simu yangu ilipoita. Alikuwa daktari. Nilisikiliza, nikamshukuru, nikakata. Sasa nilikuwa nalo.

"Mama, mdogo wako alikwenda hospitali jana. Alimwona yule binti na barakoa usoni. Tangu hapo hajaonekana, na simu hapokei. Hakimbii polisi. Anadhani ameua."

Mkono wake ukasimama juu ya aproni.

"Na ameua?"

"Binti ameamka sasa hivi. Ameomba uji."

Mama Barafu akajifunika uso kwa zile aproni mbili, akakaa hivyo, mabega yanapanda na kushuka. Alipozishusha, sauti ilikuwa ya mtu anayefungua duka.

"Nipe simu yangu."

Nilikwenda kaunta, nikaichukua, nikamletea. Alipiga kwanza. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Kisha akaanza kuandika, kwa kidole gumba cha kushoto, herufi moja moja, midomo inamfuata. Alipomaliza alinipa nisome kabla hajatuma.

*Mdogo wangu. Yule binti ameamka anakunywa uji. Hujaua mtu. Mimi nipo kituoni sijambo ila benchi ni gumu. Nimeshawaambia. Njoo useme na wewe, nitakaa pembeni yako, na wakipiga kelele tutakuwa wawili. Najua hujala. Aproni yako ninayo mimi.*

"Nimekosea mahali?"

"Hapana, mama."

Akatuma.

Tukaiweka simu kwenye benchi, kati yetu. Nje ya geti watu walikuwa bado wapo, sauti zao zinaingia kwa dirisha la juu, na sauti ya Spika haikuwamo. Alama moja chini ya ujumbe ikawa mbili. Baada ya muda zikageuka rangi.

"Amesoma," nikasema.

"Amesoma." Mama Barafu akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. "Basi atakuwa anavaa viatu. Huyo viatu humchukua muda, tangu utotoni."

Simu ikazimika mwanga. Akaigusa ikawaka. Hapakuwa na kitu. Ikazimika tena, na akaigusa tena.